Nilimkimbia Mama wa Yosef

Mama Kabamba wangu,

Nakuandikia kutoka kisiwa ambacho hata jina lake linanishinda. Meli yetu inatengenezwa, basi Yosef, mwenzangu wa kubeba mizigo, amenipeleka kwao. Tulipita visiwa na mabegi mgongoni, mvua ikitupiga, tukila samaki wa kuchoma. Nilifurahi kama mtoto.

Jana mama yake alitandika mkeka, akaniketisha karibu yake, akaweka wali na kuku. Akacheka, akasema neno. Yosef akanieleza kwa lugha yetu ya melini: "Anasema wewe ni mkwe wake, utamwoa dada yangu. Kula!"

Ilikuwa mzaha tu, usikasirike. Lakini mimi Muluba, nikisikia mkwe, miguu inainuka yenyewe. Nilitoka mbio, nikajificha nyuma ya nyumba, kama ninavyomkwepa mama yako pale sokoni Kamina.

Yosef alinifuata. "Kaka, mama analia. Alichinja kuku wake wa pekee, anafikiri umemdharau."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia kwetu hatuli mbele ya mama mkwe, ni heshima. Akaenda kumweleza. Baadaye mama akaja na sahani, akaiweka chini, akaketi akinipa mgongo. Tukala hivyo, migongo ikikaribia kugusana. Kuku alikuwa mtamu.

Mwambie mama yako nikirudi nitampelekea mbuzi wa kuondoa mwiko, tule kwenye mkeka mmoja. Nimechoka kuwakimbia wamama.

Wakumbatie watoto.

Baba Kabamba