Mrumi Aliyealikwa Sendofu

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, dirisha limejaa ukungu, na mimi nina kinyaa kama mtu aliyemeza nzi.

Naandika hapa kwa sababu nikimpigia mtu simu nitatukana, na leo nimeshasoma matusi ya kutosha.

Mdogo wangu Rehema anaagwa Jumamosi ijayo. Ukumbi umepatikana Thornton Heath, hapahapa London, sare za kitenge zimeshashonwa, na mchumba wake Deo amekuja na wazo: wakati Rehema anaingia ukumbini, MC asome shairi la mapenzi la Mrumi mmoja wa kale, kwa Kiswahili. Deo alisoma mambo ya Warumi chuoni kabla hajawa mhasibu, na hapendi tusahau. Alhamisi alipita hapa Kilburn akaniachia kitabu, mashairi yenyewe yakiwa kwa Kiingereza. Baadaye akanitumia ujumbe wa sauti: "Shemeji, wewe ndiye mwenye Kiswahili chako. Nifanyie lile la mabusu tu. Hayo mengine achana nayo."

Mimi ni mkalimani. Nakaa hospitalini katikati ya daktari na mgonjwa, na kazi yetu ina sharti moja tulilofundishwa mpaka likaingia kwenye damu: hupunguzi. Mgonjwa akimtukana daktari, unatafsiri tusi. Daktari akisema dawa zimeshindwa, unasema zimeshindwa. Sasa mtu kama mimi ukimwambia mengine aachane nayo, umemwambia aanzie hapo.

Hata hivyo nilianza na la mabusu, na kusema kweli ni tamu. Jana nililitafsiri nikitabasamu peke yangu kama mjinga. Huyu Mrumi, jina silitaji, ameshatajwa vya kutosha, alikuwa kijana wa mkoani, mtoto wa watu wenye nafasi. Akahamia jijini, akakutana na mke wa mtu, akapenda mpaka akachanganyikiwa. Kwenye mashairi akampa jina la bandia. Kuna shairi jingine anamlilia kaka yake aliyezikwa nchi ya mbali. Hilo nililisoma nikafunga kitabu kwanza, maana sisi tulioko huku tunajua kuzika ndugu kwa kuangalia simu. Nikasema huyu ni mwenzetu.

Leo nilipotoka kanisani nikaendelea kusoma.

Mwanamke alimchoka. Au alipata mwingine, sijui, maana yeye hakuacha hata mstari mmoja. Na yuleyule wa mabusu akageuka. Anautangazia mji mzima kwamba mwanamke huyo sasa anapatikana vichochoroni kwa yeyote anayepita. Anataja mwili wake. Anataja mambo ambayo hata mimi, niliyetafsiri kwenye kliniki za kila aina, nimeyasoma nimeziba mdomo. Na yameandikwa vizuri. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi. Kila tusi limepimwa, limepigwa msasa, limewekwa pale litakapouma na kuchekesha kwa pamoja. Mtu aliyepandwa na hasira tu hatukani hivi. Huyu alikaa chini akatafuta maneno.

Mtaalamu aliyeandika utangulizi anasema hayo ni maumivu ya mapenzi makubwa.

Maneno hayo nilishayasikia, kwa Kiswahili, hapahapa jikoni kwangu.

Mwaka jana Rehema alimwacha Deo. Deo huyu ambaye kila Ijumaa alikuwa anamwekea beti kwenye stetasi, mara malkia, mara pumzi yangu. Hazikupita siku nyingi akaweka beti nyingine kwenye grupu letu la Watanzania wa London, lile lenye wachungaji na watoto wa watu. Kwamba Rehema analala na wazee wa Kizungu apate karatasi za kuishi huku. Kwamba hakuna dereva wa basi Walthamstow asiyemjua. Kwa vina. Rehema ni muuguzi. Alipoingia kazini, wenzake wa Kitanzania walishindwa kumwangalia usoni, na mmoja wao alishindwa kujizuia kucheka. Mama Gift, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya harusi, alikuja kunifariji. Akakaa hapo jikoni, akachovya mandazi kwenye chai, akasema, "Mwanaume asiyependa hawezi kuumia hivyo. Huyo anampenda mdogo wako."

Deo akafuta. Akaja na keki, akapiga magoti, akaahidi hatarudia. Rehema akamsamehe, keki ikaliwa. Mimi nilidhani zilikuwa hasira zilizomponyoka. Leo nimeona alikuwa na mwalimu, tena mwalimu anayesifiwa.

Na huyo mwalimu ndiye Deo anataka asomwe wakati mdogo wangu anaingia ukumbini, wageni wakipiga vigelegele.

Nikakaa mezani nikatafsiri na la pili. Nilichagua fupi, lisilo na jina la mtu wala la mtaa, ni wewe, wewe, wewe, mwanzo hadi mwisho. Sikuongeza, sikupunguza. Nilipomaliza nilinawa mikono kwa sabuni, mtu mzima mimi.

Nikamtumia Rehema la mabusu kwanza. Akajibu kwa mioyo mingi, akasema limemliza sokoni mbele ya watu. Kisha nikamtumia la pili, nikitaka nimpigie papo hapo nimweleze limetoka wapi. Sikuwahi. Nikaona ameshalisoma. Halafu ukaja ujumbe.

"Dada, hii ameiandika lini? Si aliniahidi?"

Nimeusoma nikiwa nimesimama, simu mkono mmoja, taulo mkono mwingine.

Hakuuliza nani.

Msichana anayeagwa Jumamosi katumiwa matusi yasiyo na jina, na hakuhitaji kuuliza nani kayaandika. Mwaka mzima amekuwa akiyasubiri. Anachagua rangi ya mapambo, anajaribu gauni, na huku anayasubiri. Kinyaa changu sasa hakikuwa tena cha Mrumi.

Nikamwandikia ukweli: "Si Deo. Ni yuleyule wa mabusu. Alikufa miaka elfu mbili iliyopita." Nilitumaini atacheka. Angecheka, labda nami ningecheka, tukaendelea na habari za keki. Nikakaa natazama simu inavyoonyesha anaandika, ameacha, anaandika tena.

"Usimpe MC kitu bado. Nakuja."

Kitabu nimekitia kwenye mfuko wa plastiki, kiko mlangoni kinamsubiri mwenyewe. Deo ameshanitumia ujumbe kuuliza shairi limefikia wapi. Sijamjibu, na simu ya Mama Gift sitaipokea leo.

Sijui Rehema akifika atasema nini. Pengine atasema anaolewa hivyohivyo, na itabidi nilimeze hilo pia. Kazi yangu ni kuwasemea watu, lakini huyu sitamsemea. Nimeteleka maji ya chai. Ya kesho yatajulikana kesho. Yule mwanamke wa Roma hatukubakiziwa hata neno lake moja. Huyu wangu yuko kwenye treni, anakuja.