Herufi Mbili kwenye Bango la Shangazi Filimbi

Nyumbani,
Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha wameacha kukohoa? Mara ya mwisho nilikuambia uwavalishe soksi hata ndani ya nyumba, ukanicheka. Natumai umewavalisha. Sisi huku tu wazima. Mguu wa Baba umepungua uvimbe, sasa anashuka ngazi mwenyewe na kugombana na majirani kama zamani, nasi tunaona hiyo ndiyo afya yenyewe. Binti yangu amerefuka hadi amenipita, ila siku hizi haongei nami sana. Sababu yake ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ningekata kabla ya kufika mwisho.

Ni mambo ya aibu, ndugu yangu, na aibu yenyewe ni yangu.

Unamkumbuka Shangazi Filimbi. Utamsahauje? Yule fundi makochi wa mtaa wa nyuma, ambaye si shangazi wa mtu yeyote kwa damu lakini ni shangazi wa kila mtoto aliyepita kwenye kundi la vijana la Jumamosi. Bado analiongoza, pamoja na Mzee Breki, dereva mstaafu anayewafundisha kutengeneza baiskeli. Wanafanya kwa mapenzi yao tu. Na filimbi ni ileile. Akiipuliza, hata mbwa wa mtaani wanakaa sawa.

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha wazazi, nilisimama nikasema kundi linahitaji damu mpya. Nikasema Shangazi amechoka, magoti yanamsumbua, na vijana wa leo wanataka kompyuta, si kushona vifungo. Mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Nilipomsimulia Baba kwa majivuno, aliniuliza kama nimesahau ni nani aliyekuwa akikufulia shati la shule Mama alipolazwa hospitali. Nikajifanya sikusikia, nikaenda kuosha vikombe visivyokuwa vichafu.

Lakini swali lile lilinikaa rohoni. Nikaona nirekebishe mambo, nikapendekeza tufanye sherehe ya kuwashukuru hawa watu wazima wanaotuongozea watoto. Unanijua, kazi zote nikajitwika mwenyewe: keki, viti, wageni na bango la kitambaa. Hata bosi wangu nilimwalika. Maneno ya bango nilimtumia mwandika mabango kwa simu nikiwa ofisini, sikio moja likimsikiliza bosi. Mimi, katibu muhtasi, ninayekula kwa kusahihisha barua za wakubwa! Mimi niliyepitisha kalamu nyekundu hata kwenye barua zako za mapenzi! Nilitaka kuandika "Asanteni kwa kujitolea." Nikaandika "Asanteni kwa kujitoa."

Herufi mbili tu, na shukrani ikageuka kuwa barua ya kufukuza watu kazi.

Siku ya sherehe bango lilikuja limekunjwa, likafunguliwa mbele ya ukumbi mzima. Mzee Breki alilisoma akaangua kicheko. "Jamani, mnanifukuza hata keki sijaonja?" Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alilisoma, akalisoma tena, halafu akanitazama mimi, na nikajua anakikumbuka kile kikao. Akainuka na magoti yake hayo, akasema taratibu, "Nimeelewa, wanangu. Nashukuru mmeniaga vizuri." Akaivua filimbi shingoni, akamvisha binti yangu aliyekuwa amekaa kando yake.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa: ni mimi niliyekosea kuandika, Shangazi, tafadhali kaa. Lakini bosi alikuwa mstari wa mbele, na nyuma yake wale wazazi niliowaringia mwezi mzima. Nikajikausha. Watu nao, wakidhani ndivyo ilivyopangwa, wakaanza kupiga makofi. Nami nikapiga. Nilipiga makofi, mdogo wangu, kwa mikono hii hii ninayokuandikia. Na binti yangu aliniona.

Jumamosi iliyofuata ukumbi haukufunguliwa. Vijana walikaa kwenye ngazi za nje, wengine wameshika sindano na vitambaa vyao. Mzee Breki aliwatengenezea baiskeli moja, kisha akasema bila mwenzake yeye ni pedali moja, wakatawanyika. Binti yangu alirudi nyumbani akaitundika filimbi kwenye msumari juu ya sinki, mahali ambapo siwezi kuosha sahani bila kuiona. Aliniambia neno moja tu, "Ulijua." Kisha akaenda chumbani kwake.

Nikapiga moyo konde, nikaenda karakana kwa Shangazi. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kochi lililopinduliwa, mdomo umejaa misumari midogo, kama wafanyavyo mafundi makochi ili mikono ipate nafasi. Kwa hiyo hakuweza kunijibu, na hapakuwa na la kufanya ila kusema yote mpaka mwisho. Nikamweleza kuhusu simu, kuhusu bosi, kuhusu maneno yangu ya kikao. Yeye anatoa msumari, anagonga, anatoa mwingine. Nilipofika kwenye makofi nikaanza kulia, mtu mzima mimi, katikati ya sponji na vumbi la mbao.

Alipomaliza misumari ndipo akasema, "Bango ni kosa tu. Hata mimi nimewahi kumshonea mtu kochi, mlango wa nyumba yake ukalikataa. Lakini yale makofi, binti, hayakukosewa herufi."

Niliomba msamaha, naye akapangusa mikono, akauliza kama bango lile bado ninalo. Nilikuwa nimelificha chini ya kitanda, nikakimbia kulileta.

Alikata L na E kutoka kwenye masalio ya kitambaa cha kochi, kile cha kahawia chenye maua ya bibi zetu, akazishonea katikati ya O na A. Nafasi haikutosha, kwa hiyo zimebanana na zimeinuka upande. Nikamwambia nitatengenezesha bango jipya, zuri. Akasema hilohilo linatosha, na kwamba Jumamosi nije mapema, viti havijipangi vyenyewe.

Basi jana nilipanga viti. Binti yangu alimrudishia Shangazi filimbi, naye akaipuliza, na vijana walishangilia hadi Mzee Breki akaziba masikio. Bango limetundikwa mlangoni. Kila mzazi aliyeingia aliuliza hivyo viraka ni vya nini, na Shangazi akasema, "Muulizeni yule pale." Nami nikaeleza. Nilieleza pamoja na ile sehemu ya makofi, kwa sababu kila nilipoiruka alinitazama. Hajatamka kwamba amenisamehe, nami sithubutu kumuuliza. Lakini wakati wa kufunga, binti yangu alishika upande wa pili wa meza bila kuombwa, tukaibeba pamoja.

Sasa nina ombi. Shangazi aliniuliza, "Yule mdogo wako, bado analala na taa?" Anakukumbuka hivyo, tangu siku zile za shati la shule. Naomba umwandikie. Mimi asante yangu nimeiharibu, na ya kwako hajawahi kuipata.

Nisalimie sana wifi na mapacha, na binamu yetu ukionana naye, mwambie Baba bado anaidai kofia yake. Baba anakusalimu, na hata binti yangu amesema nikuandikie salamu zake. Mola akufungulie milango huko ugenini, na akurudishe kwetu ungali unacheka.

Ni mimi dada yako, nikupendaye ingawa nimekuaibisha.

Tanbihi: Ukimwandikia, nenda pole pole ukifika kwenye neno lile. Linaishia na "lea." Mimi niliruka hapo hapo.