Mchanga wa Mwalimu Nasambu

Kiplombe, Eldoret

Kwa mwanangu mpendwa Mungai,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini hujambo huko Doha. Huku mvua imeanza na ng'ombe amezaa.

Uniwie radhi kwa malalamiko, lakini simu yako haishikwi. Nilimshuku Mwalimu Nasambu wa chekechea. Kila jioni binti yako Nyaguthii hurudi na mchanga kwenye nywele, bila herufi hata moja daftarini. Nikaenda kumtoa mtoto shuleni.

Niliwakuta watoto wakicheza soko. Nyaguthii alikuwa akijaza mchanga kwenye mkebe wa gorogoro, ule wa kupimia mahindi. Akaniambia mimi babu yake, "Guka, usinitazame hivyo, sikuibii. Hesabu vikombe na mimi." Nikahesabu. Hakukosea, nami nikaona haya.

Kisha wakacheza mchezo wa nyumbani. Nyaguthii alimwagiza mwenzake awe baba: asimame nje ya ua, apunge mkono, asiingie. Mwalimu akaninong'oneza, "Kila siku ni hivyo, Mzee. Baba yake atarudi lini?"

Nilimjibu kwamba ni Krismasi, kama unavyoniambia kila mwaka. Samahani, mwanangu, lakini ninayemshuku sasa si mwalimu.

Ni mimi baba yako, ninayekuombea,
Simeon Mbuthia