Futi Kumi na Nne za Mdogo Wako

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Mtaa wa Chini.
9 Mei

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi zikufikie huko ughaibuni. U hali gani, na mkeo hajambo? Mgongo wangu umenihurumia kidogo mwezi huu. Kaka yangu, baba yako, ni mzima, analalamika kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Nimepata ujumbe wako kuhusu mdogo wako. Umesema ameiaibisha familia, unataka nimshawishi aache kazi kwenye ofisi ya maji. Habari ulizopata zimetiwa chumvi. Kaa nikueleze mimi niliyekuwepo, na godoro kichwani.

Pale mtoni pana nguzo ya kupimia kina. Waliotangulia waliichora kwa futi, na ofisini kila mtu huandika namba tupu, maana hakuna asiyejua kuwa ni futi. Mdogo wako akampelekea mwandishi wa gazeti jedwali: mvua kwa milimita, kina cha mto 14. Mwandishi, kwa kuona milimita, akajazia mita. Asubuhi gazeti likasema mto umefika mita kumi na nne. Maji hayo yangefunika mapaa yetu.

Mtaa mzima ukahamia shuleni kule juu. Mimi nilikumbuka godoro na redio, nikasahau viatu. Fundi cherehani alipanda kilima na cherehani yake begani. Tukangoja mafuriko siku mbili, mto ukabaki palepale. Tuliporudi, fundi akaapa mbele ya watu kwamba hata maji yamfike shingoni, ofisi ile hataisikiliza tena. Wengi wakamuunga mkono. Hapo ndipo mdogo wako aliponyong'onyea, kwa sababu mtu asiyeaminiwa atamwonya nani?

Mkuu wake alishaandaa taarifa ya kulitupia gazeti lawama, yeye atie saini tu. Akakataa. Akaenda redioni mwenyewe, nami nikamsikia nikiwa jikoni, mwiko mkononi: "Mwandishi hakubuni. Mimi nilimpa namba bila kipimo. Kosa ni langu, naomba radhi."

Nililia, sikufichi. Mtoto yule niliyembeba mgongoni!

Alipewa barua ya onyo. Akaitia mkobani, akanunua rangi, akaingia mtoni hadi kiunoni na kuandika mita upande wa pili wa nguzo. Tangu hapo, kila akimpa mwandishi namba, humtaka airudie kwa sauti pamoja na kipimo chake. Watu wakambandika jina la Bi Mita. Alicheka nao, ila mimi namjua, lilimchoma.

Juma lililopita mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Adhuhuri redio ikatangaza mita tano na nusu, yaani futi kumi na nane, na tuhame kabla ya jioni. Nikatoka kumtazama fundi. Alikuwa barazani kwake, anashona.

"Kasema nani?" akauliza.

"Bi Mita."

Akakata uzi kwa meno, akajitwika cherehani, akatangulia. Mtaa ukamfuata. Jioni maji yalifika kwenye madirisha yetu, na ndani hapakuwa na mtu hata mmoja.

Basi ukimpigia simu, usimwambie habari ya kuacha kazi. Mwombe radhi.

Halafu umeniandikia kwamba mjukuu wangu amefika tisini. Tisini za nini? Familia hii haipokei tena namba tupu.

Baba yako anakusalimu, na binamu zako wote. Msalimie mkeo, umbusu mtoto. Mungu awalinde mlipo na awarudishe kwetu salama. Fundi naye anakusalimu. Cherehani haikuguswa na tone, na sasa anamshonea Bi Mita gauni, vipimo kachukua mara mbili.

Akupendaye daima,
Shangazi yako