Ile Karatasi ya Chakula

Baba,

Nimeiona. Karatasi kama ile yako, nimeishika na mikono hii. Mwaka haujaisha tangu tukuzike na tayari wamerudi.

Jumanne nilienda Nakuru, kwa mazungumzo ya balozi wa nchi ya nje na wakubwa wetu. Ni yale yale uliyoenda wewe: urafiki wa nchi mbili, soko, mkataba. Kikundi cha viazi hapa Keringet kilinituma mimi, labda kwa sababu nina stoo yangu na siogopi mtu wa tai. Nilianza na wilbaro moja ya mbegu, unajua. Sikwenda kushangaa taa.

Nilihesabu. Viti mia na ishirini, wakulima kumi na wanne, wote nyuma karibu na mlango wa choo. Balozi aliongea dakika thelathini na nane. Mheshimiwa wetu hamsini na mbili, na mara tisa akasema "wakulima wetu wapendwa" bila kugeuka atuone. Sisi tukapewa dakika sita, tugawane. Nikauliza: viazi vyenu vya kugandishwa vikizidi kuingia, vyetu vitanunuliwa na nani? Balozi akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri sana. Jibu ndilo hilo.

Halafu akapita mama wa suti na karatasi kwenye ubao wa klipu. "Mathe, weka jina na sahihi hapa. Ni ya chakula tu."

Baba! Hayo ni maneno yako. Redio ilipotangaza kwamba wakulima wa huku wamekubali viazi vya nje, na jina lako likasomwa mbele ya kikundi, ulisema hivyo hivyo: "Mimi niliandika jina kwenye karatasi ya chakula tu." Hakuna aliyekuamini. Hata mimi. Nilikuambia, "Mzee, mtu hauzi watu kwa sahani ya pilau asijue." Ulichukua kofia ukaenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa.

Kikundi kina watu arobaini mbali na sisi wawili. Mazishini walikuja kumi na mmoja.

Basi nikainua klipu. Karatasi ilikuwa imekunjwa kwa nyuma, upana wa vidole viwili. Nikaikunjua. Juu kumeandikwa: Wawakilishi wa wakulima walioafiki mapendekezo. Mama wa suti akasema, "Ah, hiyo ni fomu ya kawaida tu, madam." Sasa nimekuwa madam.

Kando ya jina langu nikaandika: Nimesikia, sijakubali. Nikampitishia mzee mmoja wa Molo, akasoma, akaniangalia, akaandika hivyo hivyo. Tukafika kumi na wanne. Nikapiga picha, nikamwambia yule mzee na yeye apige, maana simu moja hupotea. Pilau yao hatukugusa. Tulikula mahindi ya kuchoma njiani, Sachangwan, tukicheka kama watu wameiba.

Pumzika, Baba. Na kama huko nako kuna karatasi ya kuandika jina, kunjua kwanza.

Jumamosi kikundi kinakutana uwanja wa kanisa. Nitasimama na hiyo picha, nisome maneno ya juu polepole. Wale ishirini na tisa ambao hawakuja kukuzika nitawaangalia mmoja mmoja. Lakini nitaanza na mimi, wa thelathini, niliyekutupia udongo nikiwa bado sijakuamini.

Binti yako.