Mume Wangu Haombi Radhi, Eti Ataharibu Utafiti

Shangazi Baaba mpendwa, nakuamkia kutoka Cape Coast na kukuomba unisaidie kabla sijarukwa na akili, na aibu yake ni kwamba akili ndiyo kazi yangu, maana nafundisha saikolojia chuoni. Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala kuhusu watu wasioweza kukiri kosa, na mfano wangu mkuu nilimwita Bwana K, yule aliyetoka hapa kwenda Takoradi akatokea Winneba, upande wa pili kabisa, akasema barabara wameihamisha, na Shangazi, huyo Bwana K ni mume wangu Kobina, mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Makala zangu nyingine nadhani hata mhariri hakuzimaliza, lakini hiyo moja watafiti wanainukuu hadi Brazil na Korea, na kwa kuwa kamati yetu ya vyeo hutazama umenukuliwa kiasi gani, ndiyo inayonibeba kwenda kwenye uprofesa.

Mwaka jana Kobina akaisoma. Nilidhani atanifukuza, kumbe alifurahi kama bwana harusi, na siku hizi kwaya haijaanza kuimba anatangaza, "Jamani, wiki hii wamenitaja Norway!" Basi Pasaka mama yangu akaja kutoka Saltpond, akatwanga fufu kwa mikono yake, Kobina akaonja akasema ina madonge na supu ya mawese haina chumvi, mama akanyanyuka, akafunga kitambaa chake kichwani akaondoka, na ameapa hakanyagi kwangu mpaka aombwe radhi. Nimemsihi mume wangu, ananijibu, "Araba, nakataa kwa sababu nakupenda. Nikisema samahani mara moja tu, makala imekufa. Unataka Wabrazili watuone waongo?" Nikamwambia mama analia. Akasema, "Mwambie avumilie, ni kwa ajili ya sayansi."

Kibaya zaidi, Shangazi, kuna wakati naona ana hoja. Uprofesa nautaka, mama yangu namtaka, na madonge kusema kweli yalikuwepo. Nifanyeje?

Dokta Araba, Cape Coast

*

Araba mwanangu,

Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia. Sasa nimeshajifuta, ngoja nikugombeze.

Pole kwanza. Kuishi na mtu asiyekosea kunachosha, najua. Na huyo Kobina, mtu mzima na kwaya yake, anamliza mkwewe halafu anasingizia Brazil! Hana haya. Lakini na wewe eti unaona ana hoja. Mama aliyekuzaa unampima na jarida? Wakikupa huo uprofesa, nani atakupigia vigelegele, Wakorea?

Sikiliza. Mtafuteni mjomba wake Kobina, au yeyote wa ukoo mwenye ulimi mtamu, awe msemaji, maana kwetu hakuna anayemwendea mkwe kuomba radhi peke yake kama mwizi. Bebeni mayai, na kuku mnono. Msemaji akimaliza, Kobina atamke mwenyewe, kwa sauti ile ile anayoitumia kutangaza Norway. Akileta habari za utafiti, mwambie utaandika makala ya pili, ya siku Bwana K alipoomba radhi, na hiyo itanukuliwa kuliko ya kwanza. Atafika Saltpond kabla yenu. Na fufu siku hiyo atwange yeye, tuyaone hayo madonge.

Sijamaliza. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja, sikukiona. Ulimwandika mumeo, ukamtembeza dunia nzima akiwa amepotea njia, naye akaja kujisomea mwenyewe baada ya miaka. Ruhusa ulimwomba lini? Usiniambie hukujua ni kosa, kwa sababu ulidhani atakufukuza. Amekusamehe bila kuombwa, wewe ukaona mambo yameisha. Nyani haoni kundule, hata akiwa dokta.

Kwa hiyo leo, kabla ya mayai na mjomba, kaa mbele ya mumeo umwambie, "Kobina, nilikukosea." Usiweke "lakini" mwishoni. Ulimi ukigoma, mwanangu, chukua kalamu uirekebishe ile makala, kwa sababu nyumbani kwako kina K walikuwa wawili.

Shangazi Baaba