Amshajirani Ilivyolia Birmingham

Kwako Mjomba Bakari, huko ulikolala,

Salamu kwanza, maana ulikuwa humsamehei mtu anayeleta habari kabla ya salamu. Mimi mzima. Nafanya kazi kiwanda cha kuyeyushia chuma hapa Birmingham, mtaa wa Saltley, na fomeni wetu amesema mbele ya watu kwamba tangu azaliwe hajaona mtu anayesimama karibu na tanuri kama mimi. Nikamwambia huo si moto, moto ni baruti ya mjomba wangu.

Lakini nakujua. Kama waliolala wanaruhusiwa kuuliza swali moja, lako litakuwa hili: gobori langu liko wapi, na nani kalishika? Basi tulia nikueleze.

Unakumbuka nguruwe pori walipoingia kwenye mihogo yetu kule Duga? Sisi hatuwali, wao wanatula, ulisema, ukashindilia baruti taratibu kama mtu anayesokota sigara. Ukapiga mara moja. Risasi ikamlaza wa kwanza, ikampitia wa pili, ikaendelea na safari ikakata kichala cha madafu, madafu yakamwangukia wa tatu utosini. Nikisimulia huku watu wanacheka. Mashahidi tulikuwa wawili, na mmoja amelala, kwa hiyo neno la mwisho ni langu, nami nasema walikuwa watatu.

Hata hivyo nguruwe walikuwa kazi ya pembeni. Gobori lile, Amshajirani kwa jina lake, ulipewa na mjomba wako kwa ajili ya kutangaza watoto. Akizaliwa mtoto kwa dada yako, au kwa binti wa dada yako, ulikuwa unatoka uani na kanzu safi. Wa kiume, kipimo kimoja cha baruti. Wa kike, viwili. Wageni walistaajabu, wewe ukawajibu, "Ukoo wetu hupita kwa mama. Akizaliwa mvulana tumepata mtu. Akizaliwa msichana tumepata watu." Na mimi uliniambia ukinifundisha kuusafisha mtutu, "Bunduki isiyolia ni mchi, Salimu. Mchi hata jirani anao."

Ulipofariki nilikuwa baharini, chumba cha injini, jasho mpaka kwenye viatu. Wazee wakaniwekea bunduki, kwa kuwa kwetu cha mjomba hurithiwa na mpwa. Miaka ikapita, nikashuka melini moja kwa moja, nikakaa Birmingham. Rafiki yangu mpishi wa meli ndiye aliyeniletea, imeviringishwa kwenye mkeka. Nilikwenda kumpokea bandarini, mtu wa forodha akaifunua. "Hii inapiga?" Nikamwambia, "Ikipiga wewe utaamkia Wales." Akacheka, akasema pambo la ukutani hilo, pita nalo.

Pambo. Neno lile sikulisahau, Mjomba. Na kweli ikawa pambo. Nikaitundika kwenye flati yangu ya kaunsili, nyumba za halmashauri ya mji, hapa Newtown, ghorofa ya juu kabisa, pembeni ya redio, nikawa naipaka mafuta kila Jumapili. Haina kosa lolote ila ububu.

Halafu akaja Zuhura, binti wa dada yangu Mwanahamisi, kusomea unesi. Akaolewa na kijana wa kwetu, akajifungua hapa hapa. Mtoto wa kike. Siku waliyonitembelea naye nikavaa koti langu zuri, nikaitoa bunduki ukutani.

"Mjomba, unakwenda wapi na hilo?" Zuhura akaniuliza.

"Hapo nje, kwenye roshani."

"Hapa si Duga. Ukilipua hapo watakuja polisi na mbwa wao, na huyu mtoto atakuwa anakutembelea gerezani Winson Green, kwenye nondo."

"Nitawaeleza."

"Kwa Kiingereza kipi? Hicho cha melini, kila neno la tatu tusi?"

Kiingereza changu, Mjomba, manahodha wamekisifu. Lakini kuhusu polisi alisema kweli. Nikairudisha msumarini.

Sikulala vizuri wiki ile. Hapa chini ya maghorofa yetu kuna mitaa ya mafundi bunduki. Nikamwendea mmoja ninayemfahamu, mzee Alfu, karakana yake ndogo, chai yake nyeusi kama oili. Akaigeuza, akausugua mtutu kwa dole gumba mpaka kikatokea kialama cha taji, muhuri wa wapimaji wa kwao.

"Hii ya kwetu," akasema. "Imetoka mitaa hii babu yangu hajaota ndevu."

"Ya kwetu," nikamwambia. "Kwenu ilizaliwa tu, kisha ikaenda kuishi."

Akacheka, akanipa kikombe. Nikamweleza shida. Akatikisa kichwa. Chuma kimezeeka, akasema, hakuna mwenye akili atakayeiweka begani. Iko nyumba moja upande wa pili wa mji ambako bunduki hupimwa. Huifunga ndani ya chumba cha kuta nene, huivuta kwa kamba wao wakiwa nje. "Ikisimama bila kupasuka, wanaipiga muhuri mpya. Isiposimama, nitakuletea vipande kwenye ndoo."

"Wanaijaza baruti kiasi gani?"

"Kama mara mbili ya kawaida."

Mjomba, hicho ni kipimo cha mtoto wa kike. Nilikaa pale chai ikapoa. Nikiiacha ukutani itatuzika sote, nzima na bubu. Nikiipeleka, huenda kitu kilichotoka kwa mjomba wako kikaja kwako, kikaja kwangu, kikafia mkononi mwangu, ndani ya ndoo ya Mzungu. Mimi niliyempiga papa kofi Ghuba ya Aden, niliogopa.

Siku hizo wachimba makaa walikuwa wamegoma, umeme ulikuwa kwa zamu, lifti imekufa, nikapanda ngazi zote na bunduki begani. Zuhura alikuwa kwangu akimbembeleza mtoto. Nikamweleza, nikingoja anicheke.

"Nilipozaliwa mimi, ililia?" akauliza.

"Ililia. Babu yako Bakari alijaza mwenyewe. Vikombe vilianguka makabatini Tanga mjini."

"Tanga ni mbali, Mjomba."

"Ndiyo nakwambia."

Akamhamishia mtoto bega la pili. "Hiyo sauti siikumbuki, lakini nimekua nikijua kwamba ilikuwepo. Na huyu apate yake. Ipeleke."

"Ikipasuka?"

"Itapasuka ikisema."

Basi tukaenda kwenye ile nyumba ya kupimia. Alfu akaingia nayo ndani, sisi tukabaki kichochoroni nje ya ukuta, manyunyu ya barafu yakitudondokea, mtoto ndani ya koti langu. Tukangoja. Nikaanza kufikiri labda wameghairi.

Ikalia. Njiwa wa mji mzima waliruka kwa pamoja, na treni iliyokuwa inaingia stesheni ilisita kwanza, niliiona kwa macho yangu. Halafu kimya. Na ukiwa nje ya ukuta, Mjomba, mlio wa bunduki iliyosimama na mlio wa bunduki iliyopasuka ni mmoja. Zuhura akanishika mkono wa koti. Mlango haufunguki.

Sikumngoja Alfu. Nikamtoa mtoto kotini, nikamwinua kama ulivyokuwa ukifanya, nikapaza sauti: amezaliwa Mwanasiti, binti Zuhura, binti Mwanahamisi, binti Mwanakombo. Nilipofika jina la dada yako, mama yangu, nililirudia mara mbili, ilikuwa baridi. Zuhura naye, nesi wa watu, akapiga kigelegele kikagonga kuta za matofali huku na huku. Dirisha likafunguliwa juu, mwanamke akauliza kama kuna mtu kaumia. Mtoto akapiga chafya.

Ndipo mlango ukafunguka. Alfu hakuwa na ndoo. Ameibeba kwa mikono miwili, moshi bado unamtoka mdomoni, bunduki namaanisha, ingawa na Alfu naye alikuwa na kiko chake. "Bibi kizee amesimama," akasema, akanionyesha muhuri mpya ubavuni mwa ule wa zamani.

Zuhura akaomba aibebe yeye. Akaiviringisha kwenye kanga yake, mimi nikabaki na mtoto kotini. Kwenye kituo cha basi bibi mmoja wa Kizungu akaichungulia ile kanga, akauliza mtoto ana umri gani. "Huyu," Zuhura akamjibu, "ni mkubwa kuliko Malkia."

Wazee wa Duga wameleta neno. Wanasema dada yangu hakuzaa mtoto wa kiume, kwa hiyo siku yangu ikifika bunduki irudi, itafutiwe mwanamume wa ukoo. Nimewajibu kwamba inakwenda kwa Zuhura, kisha kwa Mwanasiti, na mwenye ubishi apande meli aje aniambie usoni. Ukikutana nao huko kabla yangu, waambie ni mimi niliyeamua, na wewe hukutikisa kichwa.

Pumzika sasa, Mjomba. Uliniachia bunduki ya muhuri mmoja. Mimi ninaiacha na miwili.

Mpwa wako, mjomba wa Zuhura,
Salimu